Njia Zimejaa

Siku ya kuniaga mliniomba niseme machache, na kweli nilisema machache, kwa sababu keki ilikuwa inayeyuka na meneja anatazama saa. Nilishukuru, nikapokea kitenge na picha ya fremu, nikaenda nyumbani. Tangu siku hiyo nimekaa na maneno ambayo sikuyasema. Nayaandika sasa kwa ajili yenu mliobaki kwenye meza zile, hasa aliyerithi simu yangu. Ya vyeo sina la kueleza. Nilianza kazi nikiongea na watu kwa simu, nikastaafu nikiongea na watu kwa simu.

Niliajiriwa kwenye chumba cha simu hapa Same nikiwa msichana, nimetoka Suji na sanduku la bati. Wakati ule ukitaka kuzungumza na mtu wa Moshi au Tanga, hukubonyeza kitu. Ulikuja kwenye jengo letu, ukaandikisha namba dirishani, ukakaa kwenye benchi kusubiri jina lako. Ndani tulikuwa wanawake wawili mbele ya ubao mkubwa wenye matundu mengi, kila mmoja na kamba zake zenye ncha za shaba. Taa ndogo ikiwaka unachomeka kamba, unasikiliza anayetaka kupiga, unachomeka nyingine upande wa pili, watu wanaongea. Siku yangu ya kwanza bwana mmoja alimtaka mkewe, nikamuunganisha na afisa mifugo. Waliongea kwa heshima kubwa kwa muda kabla ya kugundua.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Bi Zaina, mwenyeji wa hapa mjini, mtoto wa wafanyabiashara wa barabara kuu. Spika za masikioni alizivaa juu ya ushungi na hazikuwahi kumtoka. Alinifundisha kufuta ncha za kamba kwa spiriti kila asubuhi, kunywa maji ya uvuguvugu ili sauti isikauke, na kutaja namba moja moja bila haraka. Pia alinifundisha kusema, "Njia zimejaa."

Njia za kwenda Moshi zilikuwa chache, vidole vya mkono mmoja vilitosha kuzihesabu. Zote zikiwa zinatumika, aliyebaki alisubiri, awe padri au mkuu wa wilaya. Mimi nilikuwa naona aibu kuwaambia. Nilikuwa nasema, "Subiri kidogo tu, baba," au, "Moshi hawapokei." Bi Zaina alinisikia siku moja akanigusa bega. "Usimsingizie mtu wa Moshi," alisema. "Moshi yupo. Ni sisi tumejaa."

Kuna asubuhi alikuja mzee mmoja kutoka kijiji cha Bendera. Binti yake alikuwa amelazwa Moshi, anasubiri kupasuliwa siku hiyohiyo mchana, na mzee alitaka asikie sauti yake kabla hajaingizwa. Mimi nilikuwa tayari nimeshafungua mdomo kusema asubiri kidogo tu. Bi Zaina akanitangulia.

"Baba, njia zimejaa," alimwambia. "Wewe ni wa sita, na walio mbele yako ni watu wa maofisini, hawaongei kwa kifupi. Sioni kama utapata kabla ya saa nane."

Mzee akafikiri. "Basi la Moshi linapita saa ngapi?"

"Kuna moja linapita sasa hivi."

Akatoka bila kuaga. Wiki kadhaa baadaye alirudi na mkungu wa ndizi, akauweka mlangoni. Alitueleza kwamba aliwahi, akamshika binti mkono, wakazungumza mpaka alipochukuliwa. Binti hakutoka hai katika upasuaji ule. Mzee alikuwa amekuja kushukuru hata hivyo. Alipoondoka, Bi Zaina alisema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: "Mtu ukimwambia kweli, anapanga safari yake mwenyewe. Ukimdanganya, umempangia wewe."

Miaka ikaenda. Ubao wetu uling'olewa, ikaja mitambo inayojiunganisha yenyewe, na Bi Zaina akastaafu, baadaye akafariki. Mimi nikahamishiwa dirishani, kisha nikapunguzwa kazi, nikauza vocha kando ya stendi kwa muda mrefu. Sitawachosha na hayo. Kampuni yetu ilipofungua ofisi hapa Same kuuza intaneti ya majumbani, walitafuta mtu wa kupokea simu za wateja, mtu anayejua vijiji na koo za watu. Mtu akawaambia, "Mchukueni Mama Eliwaza, yule wa simu za zamani." Nikachukuliwa. Nilikuwa mkubwa kuliko watu wote mle ndani. Nilifundishwa kompyuta na kijana aliyenishikia mkono juu ya kipanya kama mtoto anayefundishwa kuandika a.

Kwa wageni wa kazi hii, mambo yalikuwa hivi. Kule juu mlimani tuna mnara. Kila nyumba ya mteja inafungwa kisahani ukutani kinachotazama mnara, na ndani inawekwa ruta. Lakini kutoka mnarani kwenda kwenye dunia yote kuna njia kuu moja tu, na nyumba zote zinaigawana. Tulipoanza zilikuwa nyumba kama arobaini, na mambo yalikimbia. Nesi wa Vudee alikuwa anaongea na mwanawe aliye ng'ambo wakitazamana, ananipigia kunishukuru kama vile nimemzalia mimi yule mwana. Ile ndiyo miaka niliyoipenda.

Kisha sifa zikaenea. Tukafunga visahani Mbaga, tukashuka mpaka Lembeni, kila aliyeomba akapewa. Simu za malalamiko zikaanza, na zote zilianza saa ileile, kuanzia saa kumi jioni watu wanaporudi nyumbani. Nilimuuliza Elia, fundi wetu wa minara, ubovu uko wapi. Ni mtu asiyeongea sana. Aliniita kwenye kompyuta yake akanionyesha mchoro wa mstari unaopanda na kushuka kwa siku nzima. Asubuhi mstari ulikuwa chini. Saa kumi uligonga juu, ukalala pale kama ubao mpaka saa tatu usiku.

"Hapa hakuna ubovu, mama," alisema. "Ndiva ni ileile, wamwagiliaji wameongezeka."

Kila Mpare anajua ndiva, bwawa la kijiji la kugawana maji ya mashamba. Na kila Mpare anajua kwamba ukiongeza mashamba bila kuongeza maji, lazima watu wapewe zamu. Sisi hatukutoa zamu. Sisi tulitoa karatasi.

Karatasi ile ililetwa na meneja wetu, Bwana Fadhili. Hakuwa mtu mbaya. Feni ya ofisini aliinunua kwa fedha zake. Iliandikwa mambo ya kumwambia mteja anayelalamika, kwa kufuatana. Azime ruta na kuiwasha tena. Ahesabu simu zilizounganishwa. Aisogeze ruta karibu na dirisha. Aangalie kama kuna miti kati ya nyumba na mnara. Aangalie kama bati la paa linakiziba kisahani. Mambo yote hayo yanaweza kuwa kweli kwa nyumba fulani siku fulani, na ndiyo maana karatasi ile ilikuwa rahisi kusoma. Neno kujaa halikuwamo.

Nikawa naisoma. Nilikuwa na sauti nzuri ya kazi, na watu walikuwa wanaiamini. Kuna waliozima na kuwasha ruta kila jioni kwa miezi, kama watu wanaomeza dawa. Wengine saa tatu usiku ilipopita waliona mambo yamekuwa mazuri, wakanipigia kesho yake kunishukuru.

Mmoja wa wateja wetu aliitwa Nakundwa, mwalimu, nyumba yao iko juu ya Vudee. Alikuwa anafundisha Dar es Salaam mpaka mama yake alipopata kiharusi. Hakukuwa na mwingine pale nyumbani wa kumuuguza, kwa hiyo aliacha shule akarudi mlimani. Akapata kazi ya kufundisha Kiswahili kwa wageni kwa njia ya vidio, yeye akiwa nyumbani kwao na mwanafunzi wake akiwa Ujerumani au kwingine. Asubuhi anamwogesha mama, anampa uji na dawa, anamfanyisha mazoezi ya mkono, jioni anafundisha. Kazi ile ndiyo iliyomwezesha kukaa pale. Alinieleza haya yote kwenye simu, kidogo kidogo, maana alikuwa ananipigia karibu kila wiki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Imekuwaje leo?"

"Imeganda tena. Mwanafunzi ananiona nimefungua mdomo, sauti haiendi. Ameondoka katikati ya somo."

Tulizima, tukawasha. Tulihesabu simu, zilikuwa mbili, yake na ya mama yake ambayo haikuwa hata na intaneti. Tulisogeza ruta dirishani. Kila nilichomwambia alikifanya siku hiyohiyo, halafu ananiletea majibu kwa adabu. Siku moja nikafika kwenye miti.

"Kuna miti mbele ya nyumba, upande wa mnara?"

"Ipo miruka miwili, pembeni ya uwanja. Baba aliipanda mwaka aliojenga nyumba hii. Mama anakaa kivulini pale mchana."

Mbele yangu lilikuwepo daftari la wateja. Elia alipofunga kisahani cha nyumba ile aliniletea taarifa nikaiandika kwa mkono wangu: mnara unaonekana, hakuna kizuizi. Nilikuwa naitazama taarifa hiyo wakati naongea naye. Simu nyingine ilikuwa inaita, na nilitaka yeye akate ameridhika.

"Huenda ndiyo inayokuzuia," nilimwambia.

Nimelifikiria sana neno hilo, huenda. Nililichagua ili nisiwe mwongo. Nilidhani atalipuuza, au atanipigia wiki ijayo tuendelee na bati.

Alinipigia baada ya siku nne. Hakulalamika. Alisema tu, "Mama, nimeikata."

"Umekata nini?"

"Miruka. Walikuja vijana wawili wenye msumeno. Mama alilia, nikamwambia ni kwa ajili ya kazi, akanyamaza." Akapumua. "Lakini jana saa kumi na moja imeganda vilevile. Nikasema labda kuna kitu kingine. Niambie, mama, nifanye nini sasa?"

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Nilikuwa na kiti, nilikuwa na simu mkononi, na hakukuwa na mtu anayenisikiliza isipokuwa yeye. Nikaitazama karatasi.

"Angalia bati," nilimwambia.

Kuna makosa ya kazini ambayo mtu huyafanya kwa kutojua, na hayo ninayo mengi, hayaninyimi usingizi. Hili nililifanya ninajua.

Mchana ule niliingia kwa Bwana Fadhili. Nilimweleza kuhusu miti. Alivua miwani, akajipangusa uso, naamini alisikitika.

"Turuhusu tuwaambie wateja kwamba tumejaa," nilisema. "Wajue saa gani ni nzuri na saa gani ni mbaya."

"Mama, ukiwaambia tumejaa wataondoka," alijibu. "Wakiondoka, makao makuu hawatapanua njia. Nimeshaomba. Wameniambia mwakani. Tuwashike watu mpaka mwakani."

"Na wanaokata miti?"

"Sisi hatukumwambia akate."

Jibu lilikuwepo, lakini mimi nilikuwa nimebakiza miezi kadhaa nistaafu, na mwenye miezi kadhaa ana sababu nyingi za kunyamaza. Nilirudi mezani nikajibu simu mpaka saa ya kufunga.

Wiki tatu Nakundwa hakupiga. Ukimya wake ulinisumbua kuliko simu zake. Elia alipokuwa na kazi Vudee nilimwomba anipakie kwenye gari la ofisi. Sikumwambia meneja, nilisema naenda msibani, jambo ambalo nalo lilikuwa la uongo, ingawa njiani nilihisi hivyo kweli.

Nyumba yao ni ya matofali ya kuchoma, ina baraza inayotazama bondeni. Nilijua ni yenyewe kabla Elia hajasimamisha gari, kwa sababu ya visiki. Vilikuwa vipana kuliko nilivyodhani. Mama yake alikuwa amekalishwa barazani kwenye kiti, amefunikwa kanga kichwani mpaka machoni, kwa sababu jua la saa saba lilikuwa linampiga moja kwa moja. Mkono mmoja umelala mapajani. Nilimwamkia, akaitikia kwa upande mmoja wa mdomo.

Nakundwa alitoka ndani. Ni mrefu, mwembamba, kijana kuliko sauti yake. Nilipotaja jina langu alitabasamu.

"Kumbe ndiye wewe. Karibu, mama. Shikamoo."

Nikashindwa kuitikia. Nilimwambia pale pale nimesimama, kabla sijaonja chochote cha kwao. Nilimwambia kisahani chake hakikuwahi kuwa na tatizo, wala ruta, wala bati, wala miti. Nilimwambia njia ya mnarani imejaa watu, kuanzia saa kumi jioni mpaka saa tatu usiku, na kwamba tulikuwa tunajua.

Alinisikiliza mpaka mwisho kama alivyozoea kunisikiliza kwenye simu.

"Siku ile ya miti, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akatazama pale uwanjani. Kisha akasema, "Kaa, mama. Nikuletee chai."

Aliniletea chai ya tangawizi, na Elia aliyebaki garini akapelekewa yake. Nilikunywa kwa sababu kukataa kungekuwa kosa la pili. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Kwa chai sikuwa nimejiandaa. Aliketi karibu na mama yake, akaanza kumnyoosha vidole kimoja kimoja, yale mazoezi.

"Na asubuhi?" aliuliza. "Asubuhi huwa haijajaa?"

"Asubuhi ni tupu. Inakimbia."

Mkono wake ukasimama.

"Nilikuwa na wanafunzi wanne Japani," alisema. "Waliniomba asubuhi, kwao ni mchana. Niliwakataa. Asubuhi ni ya mama, na nilikuwa naamini jioni itatengemaa, kila wiki nilikuwa naona kama tumekaribia kuupata ubovu. Ningejua, ningebadilisha. Mama ningemwogesha jioni." Aliyasema haya bila kupandisha sauti, kama mtu anayekagua hesabu ya mwanafunzi na kuona pale ilipokosewa.

Niliuliza kama bado anaweza kuwaandikia watu wa Japani. Akatikisa kichwa. Kampuni iliyokuwa inamletea wanafunzi ilikuwa imemfungia wiki iliyopita, kwa malalamiko ya masomo kukatika. Alikuwa ameshaomba kazi kwenye shule moja Dar es Salaam, wakamkubali, na alitakiwa kuripoti baada ya wiki mbili. Mama angepelekwa Moshi, kwa kaka yake Nakundwa.

"Yeye anajua?" nilimuuliza kwa sauti ndogo, nikimaanisha mama.

"Anajua. Hataki." Akaendelea kumnyoosha vidole.

Alitusindikiza mpaka garini. Nilimwomba msamaha, kwa maneno, mara mbili. Alisema, "Sawa, mama." Mpaka leo sijui maneno hayo yalikuwa msamaha au yalikuwa adabu tu, na sina haki ya kumuuliza.

Siku zilizonibakia kazini sikuisoma tena karatasi. Mteja akipiga jioni nilimwambia njia zimejaa, ajaribu kabla ya saa kumi au baada ya saa tatu. Bwana Fadhili alinisikia, akapita mlangoni kwangu, akaenda zake. Wateja wachache waliondoka, kama alivyotabiri. Wengi walibaki. Fundi cherehani mmoja wa Lembeni akahamishia kazi zake za mtandaoni alfajiri, na muuguzi yule wa Vudee akapanga kuongea na mwanawe Jumamosi asubuhi. Walinung'unika, lakini walipanga. Hilo lilikuwa rahisi kiasi kwamba liliniumiza zaidi.

Kwa hiyo wewe uliyekaa kwenye kiti changu, utapewa karatasi. Siyo lazima iwe ileile. Isome kwanza peke yako, uone ni neno gani halimo. Na usiogope sana hasira ya mteja. Mimi watu walionikaripia nimewasahau wote; ninayemkumbuka ni aliyeniuliza afanye nini sasa.

Njia ilipanuliwa mwezi wa tatu baada ya mimi kustaafu. Elia alinipigia kuniambia. Mstari wake sasa haugongi juu hata saa mbili usiku. Nilikaa na habari hiyo siku mbili, kisha nikampigia Nakundwa. Alipokea upesi, nyuma yake nikasikia kelele za watoto wengi. Mama yake yuko Moshi bado, alisema, anakula kidogo, anaulizia nyumbani. Nyumba imefungwa, jirani anafagia uwanja.

Nikamwambia mtandao wa mlimani umetengemaa, hata jioni.

"Saa kumi na moja pia?" aliuliza.

"Saa kumi na moja pia."

"Asante kwa kuniambia, mama," alisema. Kisha akasema kengele imelia, ana kipindi, na akakata simu.